Kreni za mvuke kwenye reli za urithi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa wageni wanaosimama kando ya uzio, kwa vijana wa ufundi, na kwa ndugu zangu wa Mombasa na Dar es Salaam ambao huona picha kwenye simu na kuuliza, "Hilo dubwana ni nini?" Kwa miaka kadhaa nilijitolea kwenye gengi la kreni la reli moja ya urithi Uingereza. Ndiyo maana mifano mingi hapa ni ya huko.

## Mambo ya mwanzo

1. Kreni ya mvuke ya reli ni kitu gani hasa?

Ni mashine ya kunyanyulia mizigo inayokaa juu ya magurudumu ya reli na kupata nguvu zake kutoka kwenye boila yake yenyewe. Sehemu ya chini ni chesisi nzito yenye magurudumu. Juu yake kuna meza inayozunguka, na juu ya meza hiyo kumepangwa boila, injini, ngoma za waya na mkono mrefu wa chuma unaoishia kwenye ndoano. Nyuma kabisa kuna uzito wa kusawazisha, mara nyingi vipande vya chuma cha kalibu, ili mashine isivutwe kifudifudi na mzigo.

Zipo za aina mbili kubwa. Ndogo, za tani chache, zilitumika kwenye yadi, bandarini na viwandani kupakia mawe, magogo au makaa. Kubwa ni za uokoaji, zilizokwenda kwenye ajali kunyanyua vichwa vya treni na mabehewa yaliyoanguka. Wageni wengi huvutiwa na hizo kubwa, nami nitazungumzia hizo zaidi.

2. Niseme winchi au kreni?

Bandarini watu husema winchi na wanaelewana, kwa hiyo huna kosa. Mimi nasema kreni kwa mashine nzima, na winchi naiachia ile ngoma inayokunja waya, kwa sababu ndani ya kreni moja ya uokoaji mna ngoma zaidi ya moja. Ukisema "winchi imekwama" kwenye gengi letu, mtu atakuuliza ipi.

3. Reli ya urithi ni nini?

Ni njia ya reli iliyofufuliwa au kuokolewa ili iendelee kuendeshwa kama zamani, kwa kawaida na watu wa kujitolea wakisaidiwa na waajiriwa wachache. Ya kwanza duniani kuokolewa na watu wa kujitolea ni Talyllyn, huko Wales, mwaka 1951. Bluebell, kusini mwa Uingereza, ilifuata mwaka 1960 ikibeba abiria kwenye njia ya upana wa kawaida. Leo zipo nyingi, na zinaishi kwa tiketi, chai, keki na michango.

4. Zilikuwa zikifanya kazi gani hasa, mbali na ajali?

Ajali ndizo zilizozipa jina. Tarehe 8 Oktoba 1952 treni tatu ziligongana Harrow na Wealdstone, kaskazini-magharibi mwa London, watu 112 wakafa. Picha za siku zile zinaonyesha kreni za mvuke zikichomoa vyuma vilivyorundikana hadi kufikia daraja la waenda kwa miguu. Hakukuwa na mashine nyingine ya kufika pale kwa kupita juu ya reli ikiwa na nguvu ya kutosha.

Lakini ajali kubwa ni nadra. Siku nyingi kreni ilikuwa ikibadilisha mihimili ya madaraja, kupanga vipande vya njia, kunyanyua boila karakanani, au kurudisha behewa moja lililotoka relini kwenye yadi usiku wa manane. Kazi hizo hazikuandikwa magazetini.

5. Nani alizitengeneza?

Kwa Uingereza majina mawili hujirudia: Cowans Sheldon wa Carlisle na Ransomes & Rapier wa Ipswich. Craven Brothers wa Manchester nao walitoa kreni kubwa. Kwa zile ndogo za yadi utakutana na Thomas Smith wa Rodley karibu na Leeds, Booth wa Rodley hiyohiyo, na Grafton wa Bedford. Ujerumani kulikuwa na Ardelt wa Eberswalde, Marekani kulikuwa na Industrial Works wa Bay City, Michigan. Wamarekani huziita "ndoano kubwa", jina ambalo naliona lina haki yake.

## Inavyofanya kazi

6. Boila yake inatofautianaje na ya kichwa cha treni?

Boila ya kichwa cha treni imelala. Ya kreni kwa kawaida imesimama wima kama pipa, kwa sababu nafasi ni ndogo na boila yenyewe husaidia kuwa uzito wa nyuma. Moto uko chini, moshi unapanda juu, na katikati kuna mabomba yanayopitisha maji juu ya moto. Shinikizo ni la wastani, mara nyingi karibu paundi 100 kwa inchi mraba, nusu au chini ya nusu ya vichwa vikubwa vya mwisho vya treni.

Msiidharau kwa ajili hiyo. Boila iliyosimama ina maji machache, na maji machache yanaisha haraka. Fayamani wa kreni, yaani mchochea moto wake, haondoi jicho kwenye ile tyubu ya kioo inayoonyesha kina cha maji. Kuna pia kizibo chenye kiini cha madini ya risasi juu ya moto: maji yakishuka kupita kiasi, risasi inayeyuka na mvuke unamwagikia motoni kutoa onyo. Ukisikia kimeyeyuka, ujue mtu alikuwa akipiga soga.

7. Injini moja inafanyaje kazi nne?

Silinda mbili zinazungusha shafti moja. Kutoka hapo, kwa gia na klachi, dereva anachagua kazi: kupandisha ndoano, kupandisha na kushusha mkono, kuzungusha meza, au kutembeza mashine nzima relini. Nyingi zina ndoano ya pili, ndogo, kwa mizigo myepesi na ya haraka.

Hakuna kompyuta, hakuna kengele ya kukuambia umezidisha. Kuna mitaimbo mirefu ya chuma ya kuendeshea mashine, iliyong'arishwa na viganja vya watu, na kuna sauti. Dereva aliyenifundisha, mzee aliyeanza kazi akiwa kijana wa karakana, aliniambia nifumbe macho nisikilize kwanza. Injini ikibeba mzigo hupumua polepole, kwa kukohoa. Ikianza kupumua haraka ghafla na mzigo haujapanda, kuna kitu kinateleza, na mkono wako unapaswa kuwa umeshafunga mvuke kabla kichwa hakijajua sababu.

8. Imeandikwa tani 45. Kwa nini mnakataa kunyanyua tani 30?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo lililo moyoni mwa kreni yoyote, ya mvuke au isiyo ya mvuke.

Namba iliyoandikwa ubavuni ni uwezo wa juu kabisa, mkono ukiwa umesimama karibu wima, mzigo ukiwa karibu, miguu ya pembeni (tazama swali la 9) ikiwa imetolewa. Kila hatua mzigo unapokwenda mbali na kitovu cha meza, uwezo unapungua. Fikiria ndoo ya maji: ukiishika karibu na kifua unaweza kusimama nayo ukazungumza na jirani, nyoosha mkono uone.

Kwa hesabu ya mfano tu: tani 45 kwa mita 6, zidisha upate 270. Mita 12 kwa nguvu ileile ya kupindua zinakupa tani 22 na nusu. Lakini mkono wenyewe una tani kadhaa na umelala zaidi, kwa hiyo jibu la kweli liko chini ya hapo. Ndiyo maana kila kreni ina jedwali lake: umbali huu, uzito huu, miguu ikiwa imetolewa au haijatolewa. Jedwali hilo huwa limepigwa kwenye bamba la chuma ndani ya kibanda cha dereva. Mwenye kulisoma vibaya hukosea mara moja tu.

Kuna jambo la pili ambalo wageni hawalifikirii. Behewa la abiria la zamani la Uingereza lina tani 33 hivi, lakini lililolala kwenye tope halinyanyuki kwa tani 33. Tope linalishika kama mnyonyo. Ukilivuta ghafla na likaachia, waya unapata mshtuko ambao haumo kwenye jedwali lolote.

9. Kwa nini haipinduki?

Wakati mwingine hupinduka. Kreni inapinduka kwa urahisi zaidi ikinyanyua upande, kwa sababu msingi wake ni upana wa reli, milimita 1,435 kwa Uingereza. Ikinyanyua kwa kufuata urefu wa njia, msingi ni chesisi nzima na mambo huwa mepesi.

Dawa ya upande ni miguu ya pembeni: mihimili mizito ya chuma inayochomolewa kutoka ndani ya chesisi kulia na kushoto, kisha kukazwa kwa jeki za parafujo juu ya mbao. Tunatumia mwaloni au mbao ngumu nyingine, zilizopangwa kwa kupishana kama vijiti vya mchezo wa watoto. Kupanga mbao hizo huchukua muda mrefu kuliko kunyanyua kwenyewe. Mgeni anayesubiri tukio huchoka na kwenda kununua chai, halafu tukio likampita.

Asubuhi moja tulikuwa tukinyanyua ncha ya behewa ili tutoe bogi (kigari cha magurudumu kinachokaa chini ya behewa) iliyokuwa na beringi mbovu. Usiku ule mvua ilinyesha. Mzigo ulipoanza kukaza waya, nilikuwa nimechuchumaa kwenye mguu wa kushoto, kazi yangu ikiwa kutazama mbao tu. Niliona maji yakitoka kwenye ncha ya ubao wa chini, matone madogo kwenye nyuzi za mti, kama mtu anakamua sifongo. Ubao haukuwa umevunjika. Ulikuwa ukizama. Nilipiga kelele, mzigo ukarudishwa chini. Tulipokagua upande wa pili tukakuta gurudumu moja la chesisi limeacha reli kwa unene wa kidole. Nani alikosea? Sote. Tuliupima udongo jana yake, ukiwa mkavu. Tulichimba, tukaweka kokoto, tukaanza upya, na behewa likanyanyuliwa baada ya chakula cha mchana.

10. Yale magari madogo yaliyoungwa mbele na nyuma ni ya nini?

Kreni kubwa ni nzito mno kwa madaraja mengi, kwa sababu uzito wote uko kwenye magurudumu machache. Jibu lilitoka kwa Wilfred Stokes wa Ransomes & Rapier mwanzoni mwa karne ya 20: bogi za kupunguza mzigo. Kreni ikisafiri, bogi hizo huungwa kwenye ncha zake na kubeba sehemu ya uzito, ili kila ekseli iguse daraja kwa upole. Ikifika kazini huondolewa, kreni ikabaki fupi na nyepesi kusogea.

Stokes huyu ndiye yule aliyebuni mzinga mdogo wa mahandaki uliobeba jina lake katika Vita Kuu ya Kwanza, akapewa cheo cha Sir. Nikiwaeleza wageni, wanakumbuka mzinga. Mimi nakumbuka bogi.

11. Inaweza kujiendesha yenyewe?

Ndiyo, polepole, kwa mwendo wa mtu anayetembea au zaidi kidogo, kusogea mita chache kazini. Kwa safari huvutwa na kichwa cha treni, na gia zake za kutembea lazima ziondolewe kwanza. Ukisahau, magurudumu yatazungusha injini kinyumenyume kwa kasi isiyotarajiwa, na karakana itakuona mwezi mzima.

12. Kwa nini mkono unalala juu ya behewa jingine?

Mkono ni mrefu kuliko chesisi, kwa hiyo safarini hulazwa juu ya behewa bapa linalotangulia au kufuata, ukifungwa usipepesuke. Behewa hilo pia hubeba minyororo na mbao. Nyuma yake kuna behewa la vifaa, na la watu, lenye jiko na viti. Treni nzima ya uokoaji ni kijiji kidogo. Ukiona reli ya urithi imehifadhi kreni ikaacha mabehewa yake yaoze, imehifadhi nusu.

## Siku ya kazi

13. Inachukua muda gani kuwasha?

Kwa boila baridi mimi hutenga saa tatu. Boila iliyosimama inapata mvuke haraka kuliko hiyo, lakini chuma kinachopashwa haraka hutanuka bila mpangilio na viungo huanza kulia machozi. Moto wa saa kumi na moja alfajiri, mvuke wa kufanya kazi saa mbili asubuhi. Wakati huo huo kila mahali pa oili na grisi pamepitiwa kwa mkono, kuanzia kapi ya juu kabisa ya mkono, mkono huo ukiwa bado umelazwa.

14. Nani anatoa amri?

Mtu mmoja. Anasimama mahali ambapo dereva anamwona na yeye anauona mzigo, na ishara zake ni za mikono. Dereva hamsikilizi mwingine, hata kama ni mwenyekiti wa reli. Ishara moja tu ndiyo ya kila mtu: simama. Hata mtoto kwenye uzio akiipiga, tunasimama, kisha tunauliza.

15. Mzigo unafungwaje?

Kwa slingi za waya au minyororo, iliyoshikizwa kwenye ndoano ambayo kwa kreni kubwa ina pembe mbili kama za kondoo dume, ili slingi za pande mbili zikae bila kugombana. Jambo la kuangalia ni pembe kati ya slingi. Kadiri zinavyotanuka, ndivyo kila moja inavyobeba zaidi ya nusu yake. Zikifikia nyuzi 120 kati yao, kila moja inabeba uzito wote wa mzigo. Kwa vichwa vya treni hutumika mhimili wa kati unaozifanya zishuke wima.

## Sheria, ukaguzi na pesa

16. Ni sheria gani zinaibana kreni ya mvuke?

Kichwa cha treni kina bwana mmoja mkali, boila. Kreni ina wawili. Uingereza, boila iko chini ya Kanuni za Usalama wa Mifumo ya Shinikizo za mwaka 2000, zinazotaka mpango wa ukaguzi ulioandikwa na mtu mwenye ujuzi unaotambulika. Kunyanyua kuko chini ya kanuni za shughuli na vifaa vya kunyanyulia za mwaka 1998: kreni yenyewe ikaguliwe kwa kina angalau kila miezi 12, na slingi, minyororo na pingu kila miezi 6, isipokuwa mkaguzi ameweka ratiba yake. Juu ya yote hayo kuna sheria ya afya na usalama kazini ya mwaka 1974, ambayo haimwachi mtu kwa sababu eti anajitolea.

Kwa hiyo boila inaweza kuwa nzima kabisa na kreni isiruhusiwe kugusa mzigo, au waya ukawa mpya na moto usiruhusiwe kuwashwa.

17. Kwa nini nyingi zimesimama tu zikishika kutu?

Sababu ni ile ya swali la 16, na pesa. Kichwa cha treni kinaingiza fedha kila kinapovuta mabehewa ya abiria. Kreni haiuzi tiketi. Ikifika zamu ya karakana, boila ya kreni hukaa nyuma ya foleni, mwaka baada ya mwaka, na kibanda cha dereva kinajaa maji ya mvua.

Nina maoni yangu hapa na si wote wanakubaliana nami. Kreni ambayo haitanyanyua tena si aibu, mradi ifunikwe, ipakwe rangi na maandishi yaseme ukweli. Aibu ni ile inayowashwa siku ya tamasha, inapuliza honi na kuzungusha mkono mtupu, huku kila mtu kwenye gengi anajua kwamba waya wake haujakaguliwa. Mkono mtupu nao ni mzigo.

18. Si rahisi zaidi kukodi kreni ya barabarani?

Mara nyingi ni rahisi, na reli nyingi hufanya hivyo. Kreni ya lori huja asubuhi na dereva wake na karatasi zake, jioni imeondoka. Tatizo ni mahali pasipo barabara: kwenye tuta la shamba, kwenye mtaro wa mawe, katikati ya daraja. Hapo lori halifiki, na mashine inayotembea juu ya reli ndiyo yenye njia. Reli yenye kilomita nyingi za njia ya namna hiyo ina sababu ya kutunza kreni hai. Yenye kituo kimoja na yadi ya lami haina, na hakuna ubaya kukiri hivyo.

19. Makaa ya mawe bado yanapatikana?

Kwa shida kuliko zamani. Mgodi wa Ffos-y-fran huko Wales, uliokuwa ukilisha reli nyingi za urithi, ulifungwa Novemba 2023, na sasa makaa mengi yanatoka ng'ambo. Kreni inakula kidogo ikilinganishwa na kichwa cha treni, kwa hiyo makaa si yanayoiua.

20. Na asbesto?

Boila za zamani zilifunikwa kwa asbesto kuzuia joto lisipotee. Uingereza ilipiga marufuku matumizi yote mapya mwaka 1999, lakini ya zamani ipo pale ilipowekwa. Usifungue kifuniko cha boila yoyote ya zamani kwa bisibisi na udadisi. Wapo wenye leseni ya kuitoa.

## Maswali ya pembeni

21. Iliyobadilishwa kuwa ya dizeli bado ni kreni ya mvuke?

Mvuke kwenye vichwa vya treni vya njia kuu Uingereza ulikoma Agosti 1968. Kreni za mvuke hazikukoma siku hiyo. Ziliendelea kuitwa kazini kwa miaka, nyingine hadi miaka ya 1980, zikivutwa na vichwa vya dizeli. Katikati ya safari hiyo baadhi zilitolewa boila na kuwekewa injini ya dizeli.

Ukiniuliza mimi, hiyo ni kreni ya mvuke iliyopata maisha ya pili, na maisha hayo ni sehemu ya historia yake. Kuirudishia boila mpya kwa ajili ya picha ni kufuta kazi ya mafundi walioibadilisha. Rafiki yangu wa gengi anaona kinyume kabisa, na tumelibishania hili kwenye behewa la jiko hadi chai ikapoa.

22. Kreni mbili zinaweza kunyanyua kichwa kimoja cha treni?

Ndiyo, na ilikuwa desturi. Kichwa cha aina ya Black Five kina tani 72 bila behewa lake la makaa. Kreni mbili za tani 45, kila moja kwenye ncha yake, zinakiweza zikiwa karibu. Ugumu uko kwenye kugawana. Kreni moja ikipandisha haraka, mgawanyo wa uzito unabadilika bila taarifa. Kwa hiyo kila moja hupewa mzigo chini ya uwezo wake wa kawaida, mtoa ishara ni mmoja (tazama swali la 14), na waya zote mbili lazima zining'inie wima.

23. Vipi kwenye njia yenye waya za umeme?

Huwezi kuinua mkono chini ya waya wenye volti 25,000. Umeme huzimwa, huunganishwa na ardhi, na karatasi husainiwa kabla ya mkono kusogea. Reli za urithi kwa kawaida hazina waya, ila watu wa SGR ya Tanzania wataelewa haraka ninachosema.

24. Afrika Mashariki tunahusikaje?

Tunahusika kupitia uzito. Garratt (vichwa vikubwa vya treni vya mvuke) za daraja la 59 zilizotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa reli ya Afrika Mashariki zilikuwa 34, kila moja ikiwa na tani 252 hivi, juu ya reli yenye upana wa mita moja tu. Ziliitwa kwa majina ya milima. Mbili bado zipo kwenye Makumbusho ya Reli Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971: Mount Gelai na Mount Shengena, milima ambayo yote iko Tanzania.

Nenda ukasimame kando ya Mount Gelai, kisha ufikirie imelala ubavuni mahali fulani kati ya Voi na Mtito Andei. Hakuna kreni ya tani 45 ya kuinyanyua. Ingebidi uitenganishe: Garratt ina sehemu tatu, yaani injini ya mbele, boila katikati, injini ya nyuma. Kila moja hunyanyuliwa ncha kwa ncha, kwa kreni na jeki. Na msingi wa mita moja ni mwembamba kuliko ule wa swali la 9, kwa hiyo miguu ya pembeni inakuwa kila kitu.

25. Kuna ya mvuke isiyo ya reli ninayoweza kuiona ikifanya kazi?

Bristol, Uingereza, kando ya maji karibu na makumbusho ya M Shed. Ni kreni ya aina ya Fairbairn iliyotengenezwa na Stothert & Pitt wa Bath mwaka 1878, yenye uwezo wa tani 35 na mkono uliopinda kama shingo ya korongo. Haitembei, imekita bandarini. Watu wa kujitolea huiwasha siku maalumu za mwaka.

26. Naweza kujitolea bila kujua chochote?

Ndivyo wengi tulivyoanza. Utapewa brashi ya waya na kopo la rangi, kisha utabeba mbao. Usinung'unike kuhusu mbao; anayejua kuzipanga ndiye anayeaminiwa kwanza. Uendeshaji huja baada ya mafunzo na mtihani, na mara nyingi baada ya miaka. Hakikisha una viatu vya chuma cha mbele, na jioni uwe tayari kunuka moshi kwenye basi.

27. Nimekuta kreni kuukuu kwenye yadi ya vyuma chakavu. Nianzie wapi?

Anza na bamba la mtengenezaji na lile la jedwali la uzito. Yapige picha leo, maana hayo ndiyo huibiwa kwanza. Andika namba zilizogongwa kwenye chesisi, kwenye meza na kwenye mkono, kwa sababu mara nyingine ni za kreni tofauti. Tazama kama bogi za kupunguza mzigo na behewa la mkono bado viko karibu. Usiguse vifuniko vya boila (swali la 20).

Halafu muulize mwenye yadi nani aliiendesha mara ya mwisho. Mtu huyo akiwa hai, mtafute kabla hujatafuta pesa, na umwombe akuonyeshe mtaimbo upi ni wa nini. Kwenye kreni yetu mtaimbo wa tatu kutoka kushoto ulikuwa unafanya kazi kinyume na mchoro wa kiwandani, na hilo halikuwa limeandikwa popote.